Pamevunjika au Pamevunjwa

Siku ya kuniaga, walimu vijana wa idara waliniandalia chai na keki, wakanipa saa ya ukutani, na mmoja akasoma hotuba iliyosema kwamba Mwalimu Mwanaidi alikuwa mpole na mwepesi wa kumwamini kila mtu. Nikaiomba ile karatasi niione. Jina langu lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa kidogo kuliko maneno mengine. Hotuba ilikuwa ya mtu mwingine, mimi nikachomekwa. Tulicheka sote, na hapo ndipo waliponiomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa, kabla sijaisahau.

Vyeo na mishahara nitaviacha. Nitaandika juu ya kushuku, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana wangu mpaka juzi.

Nilianza katika chuo chetu cha ualimu pale Usagara, Tanga, nikiwa binti mwenye sauti nzuri ya kughani tenzi, na nikidhani hiyo yatosha. Aliyenipokea ni Mwalimu Shemboko, Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mrefu, mwenye koti la sufu alilolivaa hata joto la Tanga likiwa la kuua mtu. Kanisa lake lilimpeleka ng'ambo kusomea uchungaji, akarudi bila uchungaji bali na lugha za kale za Iraki. Alifundisha tenzi za kishujaa, na alikuwa na jambo lake: kila utenzi wa pwani tuliousoma, tuusome kando ya mashairi ya mashujaa wa Iraki ya kale, yale yaliyoandikwa kwenye vibao vya udongo.

Siku ya kwanza nilimwamkia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Soma hizi."

Akanipa karatasi mbili, tafsiri zake mwenyewe. Zote zilihusu mfalme yuleyule na mwenzake wakienda msituni kupambana na dubwana. Moja ilitiririka vizuri, ungeweza kuighani papo hapo. Ya pili ilikuwa na mapengo, nukta tupu, sentensi zinazoanza katikati. Akauliza ipi ninaiamini. Nikasema ile nzuri.

"Kwa nini?"

"Imekamilika, Mwalimu."

"Na nani kakwambia kitu kilichokaa ardhini maelfu ya miaka hutoka kimekamilika?" Akaichukua ile nzuri, akaonyesha kwa penseli mahali alipounganisha vipande vya vibao vitano tofauti, kimoja kikiwa cha zamani kuliko kingine kwa karne nyingi, akavishona na kuupiga pasi mshono. "Hii nimeitunga mimi, nilipokuwa na akili kama zako. Anza kuishuku."

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimepewa bosi mwenye kiburi. Baada ya wiki moja nilikuwa siwezi tena kusikiliza hata taarifa ya msiba bila kujiuliza imepitia midomo mingapi.

Zana zetu zilikuwa chache. Rula, penseli za rangi tatu, na tochi. Tochi ilikuwa muhimu kuliko vyote, kwa sababu alama za kibao huonekana ukimulika kutoka ubavuni. Ukimulika kwa mbele huoni kitu. Vibao vyenyewe hatukuwa navyo, tulikuwa na picha, na baadaye kompyuta ilipokuja tukawa na picha nyingi zaidi. Ila Mwalimu Shemboko alitaka kila mwanafunzi afinyange kibao chake kwa udongo wa wafinyanzi na kubonyeza alama kwa kipande cha tete kilichokatwa pembe. Baada ya hapo alivitupa vyote sakafuni, akawaamuru wasome vipande. Mfagizi wa chuo hakumpenda kamwe.

Ninyi mnaofundisha leo mnajua kwamba habari za yule mfalme haziko katika shairi moja. Wasiojua niwaeleze. Kuna mashairi mafupi ya kale zaidi, ya Kisumeri. Kisha lugha nyingine, Kiakadi, ikaja ikayachukua na kuyaunganisha kuwa utenzi mmoja mrefu, na huo nao ukanakiliwa na kubadilishwa kwa karne nyingi, mara nyingi na wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuandika, nanyi mnajua wanafunzi walivyo. Mahali pamoja jambo limeongezwa. Mahali pengine limeondolewa, na hakuna aliyesema kwa nini.

Waandishi wale wa kale walikuwa na desturi moja ambayo Mwalimu Shemboko aliipenda kuliko mashairi yenyewe. Mwandishi akinakili kibao, akafika mahali palipobanduka, hakujaza maneno yake. Aliandika neno dogo tu kusema hapa pamevunjika, akaendelea. Mwalimu akaigeuza desturi ile kuwa ya kusoma kwa sauti. Ukifika kwenye pengo, unagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili, ngo ngo, kisha unanyamaza kidogo ili wasikilizaji wayafikirie maneno yaliyopotea. Halafu unaendelea. Kanuni ya pili ilikuwa hii: tukiwa na nakala mbili zinazopingana tunasoma zote mbili, moja baada ya nyingine. Hatushoni.

Kanuni hizi zilitutia matatani zaidi ya mara moja. Tulipotaka kuchapa kijitabu cha kwanza, kazi tulimpa Bwana Gulamu, mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, mtu mwema ambaye babu yake alitoka Kachi, Bara Hindi, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka njia panda ya Segera. Vijitabu vikaja vimefungwa vizuri, na ndani hamna hata nukta moja ya mapengo.

"Mwalimu, nimekusafishia," akasema kwa furaha. "Nukta nyingi mno, wallahi, zilikuwa zinakula wino. Na yale maneno yaliyokatika nimemwambia kijana ayamalizie."

Kijana aliyamalizia kweli. Mfalme wa Iraki ya kale alikuwa anakula ubwabwa. Mwalimu Shemboko aliketi kwenye kiti cha dukani akacheka mpaka akavua koti, mara pekee niliyomwona bila koti. Kisha akasema, "Mwanaidi, kitunze kimoja. Hivi ndivyo nakala zote zilivyozaliwa."

Neno lililotusumbua kuliko mengine lilimhusu yule mwenzake mfalme. Katika utenzi mrefu wa Kiakadi ni rafiki, mtu wa kufa na kuzikana. Lakini katika yale mashairi mafupi ya Kisumeri, mara nyingi ni mtumwa wa mfalme. Mtu yuleyule, safari ileile, msitu uleule. Katikati, mahali fulani, mtumwa akageuzwa rafiki, na aliyemgeuza hakuacha jina.

Nilipendekeza tuandike "mtumishi", neno lisilouma. Mwalimu akakataa. "Ukisema mtumishi, watu wa Tanga watauliza yuko halmashauri gani na atapata kiinua mgongo lini. Wewe ni mtu wa pwani. Unalijua neno lenyewe. Liandike."

Nililiandika. Bibi zangu walikuwa wa Pangani, mji ambao watu waliuzwa mchana kweupe, na neno lile kwetu si la kale. Linatajwa jikoni kwa sauti ya chini mtu akitaka kuolewa. Niliamini Mwalimu, mtu wa milimani, hakujua alichokuwa akiniagiza. Sasa nashuku alijua vizuri sana.

Alipostaafu akarudi kwao Lushoto, akaniachia tochi. Ndipo akaja Bakari, mwalimu mpya.

Nilimshuku tangu mlangoni. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye sauti ambayo ukiisikia unaacha ulichokuwa ukifanya, anasoma Kiarabu, anaheshimu wakubwa, hachelewi. Mtu kama huyo kuna kitu kimepigwa pasi. Nikachungulia karatasi zake, nikakiona. Kila mtu kwetu ana majina matatu. Yeye alikuwa Bakari Omari, basi. Nikadhani vyeti si vyake.

"Jina la babu liko wapi?" nilimwuliza.

"Halina kazi, Mwalimu," akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti ile nzuri ilikwaruza.

Nilifuatilia vyeti kimyakimya. Vilikuwa vyake. Jambo hilo halikunituliza, lilinizidishia tu maswali.

Tukafanya kazi pamoja miaka kadhaa. Alifinyanga vibao vizuri kuliko mimi. Yeye ndiye aliyemkamata mwanafunzi aliyeleta tafsiri iliyotoka kwenye simu, haina pengo hata moja, mfalme anazungumza kama mhubiri wa redioni. Nilianza kumwita mwanangu, mara nyingine, nikijisahau.

Kisha tukaalikwa Pangani. Shule moja ya pale ilitaka tuwasomee wazee na wanafunzi, jioni baada ya alasiri, utenzi wa Iraki na utenzi wa kwetu. Bakari ni mzaliwa wa Pangani. Nilitegemea atafurahi. Akaja ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, kule tusome ile ya rafiki tu. Ile ya kwanza tuiache."

"Kwa nini?"

"Ndefu."

"Bakari, ndiyo fupi kuliko zote."

Akakaa. Akawa anakunja na kukunjua ukingo wa kanzu yake, ilikuwa Ijumaa. "Nimepeleka posa kwa Mzee Nassor," akasema.

Mzee Nassor nilimfahamu kwa sifa. Alikuwa mfanyabiashara wa nazi, mwenye nyumba ya ghorofa ya zamani karibu na mto, mtu anayeitaja nasaba yake mpaka Maskati bila kumeza mate. Binti yake, Salma, alikuwa mwalimu wa msingi. Bakari na Salma walikubaliana zamani. Mzee alikuwa hajajibu, alikuwa anauliza uliza mjini.

"Jina langu la tatu ni Mabruki," Bakari akasema.

Wa pwani wameshaelewa. Wa bara nitawaambia: mabwana wa zamani walipenda kuwapa watumwa majina ya heri na baraka, na majina hayo yalibaki kwa wajukuu kama chapa. Ukijiita Mabruki mbele ya watu kama Mzee Nassor, hakuna haja ya kuulizwa zaidi.

"Atakuwa ameketi mbele," Bakari akaendelea. "Mimi nisimame, mjukuu wa Mabruki, nimsomee yeye kwa sauti: mtumwa wake, mtumwa wake. Mji mzima unanitazama. Mwalimu, si watanicheka?"

Nikamwambia asome mtu mwingine. Akasema Mzee atauliza kwa nini mwenyewe amekimbia.  Moyo uliniuma, sifichi. Lakini nikamwambia, "Tukilikata kwa ajili yako, mwakani tutalikata kwa ajili ya mwingine, na tutakuwa sisi ndio wale waliogeuza bila kuacha jina. Tutasoma zote mbili. Ukitaka, nitasoma mimi."

"Nitasoma," akasema, akafungua mlango.

Sikumwamini. Njia nzima mpaka Kigombe, tuliposhuka kununua pweza wa kukaanga, nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni. Alikula vizuri. Hilo nalo nililishuku.

Ukumbi ulijaa. Mzee Nassor alikaa mstari wa mbele, kofia nyeupe, bakora kati ya magoti. Salma alikuwa nyuma na walimu wenzake, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Bakari akaeleza kwanza desturi yetu: mkisikia ngo ngo, hapo kibao kimevunjika, tunyamaze kidogo. Watoto walilipenda jambo hilo, wakawa wanasubiri.

Akaanza na shairi la Kisumeri. Alisoma kama asivyowahi kusoma. Kila pengo aligonga, ukumbi ukanyamaza, akaendelea. Akafika mahali mfalme anapomwita mwenzake.

"Mfalme," akasoma, "akamgeukia..."

Ngo ngo.

"...wake, akamwambia."

Kibao kile nakijua kama ninavyojua uso wangu. Hapo hapajavunjika. Damu ilinipanda. Akaendelea, na kila lilipokuja lile neno, ngo ngo, watoto wakinyamaza kwa adabu. Alikuwa anamvunja mtu wa maelfu ya miaka, kila baada ya mistari michache, mbele ya macho yangu, kwa desturi ya Mwalimu Shemboko. Nilitaka kusimama, na nilitaka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu bakora iligonga sakafu kabla yangu.

"Bi Mwalimu," Mzee Nassor akaniambia mimi, hakumtazama Bakari. "Samahani nikikatiza. Hapo pamevunjika, au pamevunjwa?"

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa swali la sarufi zito namna ile.

"Nauliza," akasema, "maana nimeuza nazi tangu ujana. Iliyoanguka na iliyopigwa panga hazipasuki namna moja. Hapo panaondoka neno moja tu, lilelile, kila mara."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kabla sijajibu, Bakari akasema.

"Pamevunjwa, mzee. Nimepavunja mimi. Nimeona haya."

Akageuza karatasi kurudi mwanzo. Akasoma upya, polepole, bila kugonga pasipostahili. "Mfalme akamgeukia mtumwa wake, akamwambia." Sauti haikuwa nzuri. Ilikwaruza, ikamaliza. Kisha akasoma ile ya pili, ya rafiki, kama kanuni inavyotaka, na hakuna aliyepiga makofi kwa sababu watu hawakujua kama inafaa.

Mzee Nassor akainuka kabla ya utenzi wa kwetu. Akasema "Ahsante", akatoka na bakora yake. Salma alitazama chini. Tukiwa njiani kurudi, Bakari alinena mara moja tu. "Basi, Mwalimu. Imekwisha." 

Tulikaa mwezi na zaidi bila jibu. Bakari akakonda, akawa anakosea hata kupanga picha. Kisha ikaja simu kwamba Mzee anatuita, Ijumaa baada ya sala: Bakari, baba yake mdogo, na mimi. Mimi kwa nini? Nilijua. Anataka shahidi wa kumfedhehesha kijana, awe mtu wa chuo, ili habari zifike hadi Tanga mjini. Nikavaa buibui langu zuri kabisa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumjibu, makali.

Tulikaribishwa juu. Kahawa, haluwa, pazia jekundu mlangoni, na nyuma ya pazia wanawake wa nyumba. Mzee Nassor alimwacha baba mdogo wa Bakari amalize salamu na maneno ya ada. Kisha akasema kwamba posa ni watu kujuana, na kwamba ataanza yeye.

"Mimi ni Nassor bin Hemedi bin Saidi bin Khalfani," akaanza, akapanda, jina baada ya jina, mpaka Maskati. Nilisikiliza kwa sikio la kazi. Ilitiririka mno. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja, na hakukuwa na mshono. Nikajisemea, huyu naye kapiga pasi.

"Na aliyemzaa baba yangu," akasema.

 Kisha akainua kidole, akagonga mkono wa kiti chake. Ngo ngo.

"Hapa pamevunjwa," akasema. "Aliyevunja ni baba. Sisi tuliambiwa mama yake alikuwa binti wa Maskati, alikufia huko. Hakuwa wa Maskati. Alikuwa mjakazi wa nyumba hii, akiitwa Faida. Babu alimnunua hapa chini, ukifungua dirisha unapaona. Baba aliniambia alipokuwa anakata roho, akanikataza nisiseme. Sijasema. Mpaka siku ile mtoto huyu aliposimama mbele yangu akasema nimepavunja mimi, nimeona haya. Tangu siku ile silali."

Nyuma ya pazia kikombe kilianguka. Yale maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi.

"Sasa wewe," akamwambia Bakari. "Taja. Na usigonge pasipovunjika."

"Mimi ni Bakari bin Omari bin Mabruki."

"Mabruki bin nani?"

 Bakari akamtazama baba yake mdogo, naye akatikisa kichwa. Alitafuta mahali pa kugonga, hakuwa na meza, akagonga sakafu aliyokalia, juu ya mkeka.

Ngo ngo.

"Hapo pamevunjika, mzee," akasema. "Hatujui. Alichukuliwa mdogo, hakumkumbuka hata baba yake."

Nimepima mapengo maisha yangu yote, ya kweli na ya uongo. Lile lilikuwa la kweli. Tulinyamaza, kama inavyopasa, na tulinyamaza muda mrefu kuliko alivyotufundisha Mwalimu Shemboko. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa machozi.

Kisha kule nyuma ya pazia mtu akagonga fremu ya mlango, taratibu, mara mbili. Bakari anashikilia mpaka leo kwamba alikuwa Salma. Salma, ambaye sasa ni mkewe, anasema alikuwa mama yake. Nimewauliza kila mmoja peke yake, na nimeziandika nakala zote mbili.